Fimbo Isisifiwe kwa Kazi ya Mwalimu

Popote wanapokutana watu wa rika letu, iwe ni arusini, matangani, au kando ya basi lililoharibika njiani, mazungumzo hayakawii kufika shule ya msingi. Mmoja atamkumbuka mwalimu aliyeweza kumtambua mtoro kwa kisogo tu. Mwingine atasimama aige mwendo wa mwalimu mkuu, mikono nyuma, fimbo ikichungulia juu ya bega. Wa tatu atasimulia jinsi alivyochapwa kwa kosa la pacha wake. Watu watacheka mpaka machozi yawatoke. Kisha, kicheko kikiisha kutulia, hutokea mtu mwenye sauti ya hekima akatoa hukumu: "Ndiyo maana sisi tulielimika. Watoto wa siku hizi wanadekezwa." Na wote huitikia kwa kutikisa vichwa, kana kwamba neno hilo limekwisha thibitishwa na kile kicheko kilichotangulia.

Hukumu hiyo ndiyo tunayoipinga katika makala haya. Hatupingi kumbukumbu, wala hatumkatazi mtu kucheka. Taifa lisilocheka utoto wake ni taifa gonjwa. Tunalolipinga ni ule ujanja wa kuigeuza hadithi ya kuchekesha kuwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ukatolewa dhidi ya watoto ambao hawakuwapo. Maana kila inapozuka hoja ya adhabu shuleni, watetezi wa fimbo hawatuonyeshi daftari la alama wala taarifa ya mkaguzi; hutuonyesha utoto wao. Basi na tuutazame utoto huo kwa makini, kwa sababu sisi nasi tunao.

Tuliingia darasa la kwanza katika miaka ile ambayo taifa lilikuwa limeamua, kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974, kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe anasoma ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo hatuoni haya kulisifu. Watoto waliomiminika walikuwa wengi kuliko madarasa, wengi kuliko madawati, na wengi kuliko walimu. Kwa hiyo baadhi yetu tulisomea chini ya miembe, tukaandika mchangani kwa vijiti kabla ya kupewa daftari, na baadhi ya walimu wetu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, ambao walifundisha huku wao wenyewe wakiendelea kufundishwa ualimu. Kijana wa miaka 18, mbele yake watoto 80, mkononi kipande cha chaki na fimbo ya mpera: hiyo ndiyo shule tuliyoikuta.

Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mtoto aliyepewa kazi ya kuigonga alionewa wivu na shule nzima. Alfajiri tulikimbia mchakamchaka tukiimba. Kisha kila mtu alikwenda kwenye namba yake, yaani kipande cha uwanja alichopangiwa kufagia, huku walioagizwa maji wakishuka kisimani na walioagizwa samadi wakiingia na vikapu kichwani. Halafu paredi. Mwalimu wa zamu alipita mstari kwa mstari akikagua kucha, meno, nywele na kola za mashati. Mwenye kasoro alijitenga mwenyewe pasipo kuambiwa, akasimama upande wa kushoto, na ule upande wa kushoto ulikuwa na maana moja tu. Baada ya hapo zilikuja hesabu za kichwa. Mwalimu alisoma swali mara moja, akahesabu moja, mbili, tatu, na aliyeshindwa kujibu alinyoosha kiganja. Swali lililofuata lilikuwa tayari limekwisha somwa kabla uchungu wa lile la kwanza haujapoa.

Nasi hatukukaa kama kondoo. Tulivaa kaptula mbili siku ya Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kusomwa majina ya watoro. Wengine waliingiza daftari ndani ya kaptula, mpaka mwalimu alipouzoea mlio wake na kutambua kwamba mwili wa binadamu hautoi sauti ya ngoma. Tuliamini kwamba kitunguu kikisuguliwa kiganjani huua uchungu, na pasipo kitunguu, basi unywele mmoja wa kope ukiwekwa kiganjani utaivunja fimbo vipande viwili. Hatukumwona hata mmoja aliyeokolewa na dawa hizo, ila imani yetu haikutetereka. Mtoto aliyetumwa porini kukata fimbo alikuwa mtu mkubwa, maana aliweza kuzitia kovu la wembe kwa siri ili zikatike kwa pigo la kwanza. Na wanyonge walimhonga kwa kipande cha muhogo. Kiranja naye alikuwa na biashara yake. Katika orodha ya wapiga kelele, jina liliingia kwa chuki na likafutika kwa karanga. Na kila mwalimu alikuwa na jina la siri lililorithiwa na darasa hata darasa, kiasi kwamba wadogo zetu walilijua kabla hawajalijua jina lake la kweli.

Msomaji atacheka, nasi tumecheka tulipokuwa tukiyaandika. Lakini tuyatazame mambo hayo kwa jicho la mwalimu anayesahihisha. Katika utundu wote huo, udadisi uko wapi? Mtoto kwa maumbile yake huwa mtundu kwa sababu anataka kujua. Hufungua redio ya baba yake awaone watu waliomo ndani. Humfunga panzi uzi mguuni apime nguvu zake. Huchimba mbegu aliyoipanda jana aone imefika wapi. Utundu wetu wa shuleni, kwa sehemu kubwa, haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa ni ufundi wa kuikwepa fimbo, au kuipunguza makali, au kuielekeza kwa mwingine. Hongo tuliijua kwa muhogo kabla hatujaijua kwa fedha. Tulijifunza kwamba mwenye kalamu ya kuandika majina ni mtu wa kubembelezwa, na kwamba kosa si kosa mpaka mwalimu wa zamu alione. Wale wanaoshangaa leo kuona mtumishi akifanya kazi mkubwa wake akiwapo, na kuiacha mkubwa akitoka, watafute mzizi wa tabia hiyo karibu na ile rimu ya lori. Hatusemi mzizi wote uko hapo, bali tunasema kwamba shule, mahali ambapo ulipaswa kung'olewa, iliumwagilia maji.

Tukumbushane pia kwamba mambo haya yalitendeka katika nchi iliyokuwa imekwisha kuandika wazi ni mtoto wa namna gani inayemtaka. Elimu ya Kujitegemea ilitolewa Machi 1967. Mwalimu Nyerere alieleza humo kwamba elimu yetu haina budi kumjengea kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa yale yanayofanywa na wengine na kuyakubali au kuyakataa kwa kupima, na moyo wa kujiamini. Walimu wengi wanakumbuka kutoka katika waraka ule shamba la shule tu, majembe na mabanda ya kuku. Shamba lilikuwamo, ndiyo. Lakini hilo la akili ya kudadisi lilikuwamo pia, tena limetangulia, na hakuna awezaye kumfundisha mtoto kupima neno na kulikataa huku amemfundisha kwamba neno la mwenye fimbo halipimwi.

Hapo ndipo watetezi wa fimbo wanapotuambia kwamba sisi tumelewa fikra za kigeni. Kwamba fimbo ni utamaduni wetu, na kuikataa ni kuwakataa mababu. Hoja hii inastahili jibu refu kidogo, maana inapendwa sana na inasikika tamu.

Tuanze na jina lenyewe. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Pigo la fimbo liliitwa kiboko kwa sababu mjeledi uliotumika ulikuwa ukanda wa ngozi ya mnyama huyo, nao ulienea katika nchi yetu mikononi mwa askari na wasimamizi wa utawala wa Wajerumani. Wazee waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, kwa kuwa amri ya serikali ya Kijerumani ya mwaka 1896 iliweka viboko 25 kuwa kipimo cha juu kwa adhabu moja, na hesabu ya watu waliochapwa ikawekwa na kutolewa katika taarifa za kila mwaka. Mjeledi huo ndio uliowasukuma watu katika mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Waliokwenda kung'oa miche ya pamba huko Nandete, Umatumbini, mwezi Julai 1905, wakaanzisha Vita vya Maji Maji, walikuwa wakiikataa kazi ya shuruti pamoja na hicho kiboko kilichoisimamia. Basi ni ajabu kuona wajukuu zao wakikishika kiboko hicho hicho, mbele ya shamba la shule, na kukiita urithi wa mababu. Waingereza nao waliofuata walikuwa na henzirani yao. Walitufunza kwamba shule bora haikosi henzirani, kisha kwao wenyewe wakaifuta katika shule za serikali kwa sheria ya mwaka 1986 iliyoanza kutumika mwaka 1987. Mwenye mali ameitupa jalalani, sisi tumeiokota na kuifuta vumbi.

Hatutaki kudanganya. Hatusemi kwamba kabla ya wageni mtoto wa Kiafrika hakuguswa. Jandoni kulikuwa na mikiki, na chuoni, huko mwambao, mwalimu alikuwa na bakora, na wapo wazazi waliompeleka mtoto wakisema nyama ni ya mwalimu na mifupa ni yao. Lakini jando lilikuwa na siku ya kuingia na siku ya kutoka, na aliyetoka alipokewa kwa ngoma akahesabiwa mtu mzima. Hakuna kungwi aliyemchapa kijana kila asubuhi kwa muda wa miaka saba. Na zaidi ya yote, tutazame jinsi mababu walivyomtendea mtoto asiyejua jibu.

Walikuwa na kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitika, "Tega!" Wakishindwa kutegua, hufanyaje? Mtegaji haombi viganja, anaomba mji. Aliyeshindwa humpa mji, Unguja au Tabora au Bagamoyo, mtegaji akaenda huko kwa maneno, akala akanywa, akasifu alichokiona, kisha akarudi na kutoa jibu. Yaani kutojua kuna gharama, nayo hulipwa kwa kicheko, na anayelipa hupata alichokilipia: anaondoka akiwa analijua jibu, tena hataki kulisahau, kwa kuwa kesho atawategea wengine apate naye mji wake. Huu ndio ualimu tulioukuta nyumbani, mzee wa kuutunga hana cheti cha chuo chochote, na una hekima yote ambayo vitabu vya saikolojia hutueleza kwa kurasa mia tatu. Ulinganishe na hesabu zetu za kichwa. Kule, aliyekosa alilipa kwa kiganja na jibu hakupewa. Wapo miongoni mwetu waliochapwa kwa saba mara nane tangu darasa la tatu hadi la tano, na mtu wa kuwaambia kwa nini ni 56 hakutokea. Tuamue basi, kati ya njia hizo mbili, ipi ni ya kigeni.

Methali nazo zimebebeshwa mzigo usio wao. "Samaki mkunje angali mbichi" hutajwa kila mara fimbo inapoinuliwa, ilhali kila mvuvi anajua kwamba samaki hukunjwa kwa mikono, taratibu, na anayempiga samaki mbichi anapata kitoweo kilichopondeka. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ni kweli tupu. Lakini mtoto hulia pia anapoambiwa arudie kazi aliyoifanya ovyo, anaponyimwa mchezo mpaka amalize kufagia, anaporudishwa kwa jirani kuomba radhi kwa embe aliloliiba. Kilio hicho tusikichelee hata kidogo. Methali inatutaka tusiogope machozi ya mtoto, na hayo ni tofauti kabisa na kuyatafuta kwa mti.

Sasa tufike kwa mwalimu mkali mwenyewe, maana ndiye anayeshuhudiwa katika mikutano yetu ya kucheka, na hatutaki adhulumiwe.

Alikuwapo katika kila shule. Wetu alikuwa mwalimu wa hesabu na Kiswahili. Alifika kabla ya jua, shati limenyooka, andalio la somo limeandikwa usiku kwa mwanga wa kibatari. Madaftari aliyoyakusanya leo yalirudi kesho, yote, yamesahihishwa kwa wino mwekundu mpaka nukta na mkato. Alijua nyumba ya kila mtoto. Mtoto akikosa siku mbili, jioni mwalimu aliegesha baiskeli yake uani kwa mzazi, na mazungumzo yake na mzazi huyo yalituogopesha kuliko fimbo ya mtu yeyote. Hakuvumilia herufi mbaya. Aliwahi kumrudishia mtu insha mara nne, na mara ya nne akaisoma mbele ya darasa kwa sauti yake nzito, pasipo kueleza ni ya nani, lakini mwenyewe alijua. Ndiyo, naye alikuwa na fimbo, na aliitumia. Miaka ile asingalikuwa nayo angedhaniwa mgeni.

Sasa tufanye hesabu moja ya kichwa. Mwondolee mwalimu huyo fimbo, uone kinachobaki. Kinabaki kibatari, wino mwekundu, baiskeli, sauti, na ile insha iliyorudi mara nne. Kwa ufupi, amebaki mwalimu kamili, naye ndiye tunayemshukuru tunapojiona tumeelimika. Kisha chukua upande wa pili: mwondolee vyote hivyo, umwachie fimbo peke yake. Huyo naye tulimjua. Aliingia darasani pasipo andalio, akaandika ubaoni ukurasa mzima wa kunukuu, akatoka kwenda kuota jua, akarudi kuwachapa waliopiga kelele. Hakuna mmoja wetu anayekumbuka alichofundisha. Watetezi wa fimbo wanazichanganya sura hizi mbili, wakachukua matunda ya wa kwanza na kuyapachika kwenye chombo cha wa pili. Ukali ni kazi. Ni kukataa kumwachia mtoto apite na kazi mbovu, na kazi ya kukataa hivyo humchosha mwalimu kabla haijamchosha mtoto. Fimbo, kinyume chake, ni njia ya mkato ya mtu aliyechoka au asiyejiandaa, na ndiyo sababu inapendwa.

Lipo jambo lingine ambalo kicheko hulificha. Wanaosimulia ni waliomaliza. Wale ambao fimbo iliwatoa shuleni hawaji katika mikutano ile, na wakija hukaa kimya. Tulisoma na kijana mmoja mwenye kigugumizi. Katika hesabu za kichwa, mwalimu alihesabu mpaka tatu, na ulimi wa kijana huyu haukuweza kufungua mlango kabla ya tatu. Sisi tuliokaa naye dawati moja tulimwona akiandika jibu pajani kwa ukucha, jibu sahihi, tena mapema kuliko sisi. Kisha alisimama, midomo ikatetemeka, hesabu ikafika tatu, akanyoosha kiganja. Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi. Darasa lilicheka, kwa kuwa anayechapwa mwingine huchekesha. Alipofika darasa la nne alianza kuchelewa, kisha akawa mtoro, kisha akachapwa kwa utoro, na siku moja hakuja tena. Aliajiriwa kuchunga ng'ombe za watu. Palikuwa pia na wasichana waliofika shule wamechelewa kwa sababu walikuwa wameteka maji ya nyumbani kwanza, wakayafikisha, wakawaogesha wadogo zao, ndipo wakakimbia. Kuchelewa kulikuwa na fimbo mbili, na hakuna aliyewauliza walikotoka. Baadhi yao waliona ni afadhali kubaki kisimani. Tunapohesabu walioelimishwa na fimbo, na hawa wahesabiwe katika safu ya pili ya ukurasa, vinginevyo hiyo si hesabu.

Labda mtu atasema mambo hayo ni ya zamani. Laiti yangekuwa hivyo. Mwezi Agosti 2018 huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba pochi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Tukio hilo lilitikisa nchi kwa majuma machache, kisha wengi wakasema kwamba yule alizidisha, kana kwamba palikuwa na mstari uliochorwa ambao yeye peke yake aliuvuka. Mstari ulikuwapo, lakini ni nani aliyeuheshimu? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zilisema viboko visizidi vinne. Vitolewe kwa kosa kubwa la nidhamu. Vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Umri, jinsia na afya ya mtoto vitazamwe. Na adhabu iandikwe katika kitabu. Tuwaulize wanafunzi wa sekondari wanaosoma makala haya: katika miaka yenu saba ya shule ya msingi, mliwahi kumwona mwalimu akienda kukiandika kitabu hicho? Kushindwa kujibu swali ni kosa kubwa la nidhamu? Wino kumwagika je?

Wenzetu wa Kenya waliipiga marufuku fimbo shuleni mwaka 2001, na Katiba yao ya mwaka 2010 ikaongeza ulinzi wa mtu dhidi ya adhabu ya mwili. Hatuleti mfano huo ili tuonyeshe kwamba kwao kumekuwa peponi. Fimbo bado imeonekana huko katika shule nyingi, kwa sababu sheria inaweza kuiondoa fimbo katika kanuni, lakini haiwezi kuiondoa katika simulizi za watu wazima wanaoamini kwamba ndiyo iliyowafanya watu. Ndiyo maana tumeacha kuanzia na sheria, tukaanza na simulizi.

Mwalimu aliye darasani leo ana haki ya kutuuliza: ninyi mnaoandika, mmewahi kusimama mbele ya watoto 120? Swali hilo ni zito, nasi hatulikwepi. Tangu ada ilipofutwa katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena baada ya michango kuondolewa kwa mpango wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016, watoto wamemiminika kama walivyomiminika enzi zetu, na mwalimu amebaki mmoja na chaki yake. Anayemwambia mwalimu huyo aache fimbo pasipo kumwongezea mwenzake na chumba, anamtwisha mzigo mwingine na kumpokonya kata ya kuwekea kichwani. Tunalikubali hilo. Lakini tusikubali lisemwe kwa lugha ya utamaduni. Kama fimbo ipo kwa sababu walimu ni wachache, basi isemwe hivyo bungeni na katika vikao vya bajeti, kwa hesabu za madarasa na nyumba za walimu. Tusifunike upungufu wa madawati kwa kanga ya mababu. Kila tunaposema "sisi tulichapwa na tukawa watu," tunampa mwenye mamlaka ruhusa ya kutojenga darasa la pili, kwa kuwa tumemthibitishia kwamba mti wa mpera unatosha.

Na wapo walimu ambao, katika hali hiyo hiyo ya watoto 120, wameiweka fimbo kando pasipo kungoja amri. Tumewaona. Mmoja amewagawa wanafunzi katika makundi ya watu kumi kumi, kila kundi na kinara wake anayebadilika kila juma, na kundi zima huulizana majedwali kabla mwalimu hajauliza. Mtindo wake haujatoka mbali na kile kitendawili. Mwingine humwita aliyechelewa mwisho wa kipindi, akamuuliza swali moja tu, "Ulikuwa wapi?" na akasikiliza jibu. Kwa njia hiyo amegundua katika muhula mmoja watoto watano wanaolea wagonjwa nyumbani. Darasa lake halina ukimya wa makaburini. Lina kelele, na kelele zenyewe ni za saba mara nane.

Kile kitabu cha adhabu tulichokitaja kinatakiwa kuwapo katika ofisi ya kila mkuu wa shule. Walimu wakuu wanaosoma makala haya wakifungue kesho asubuhi kabla ya paredi. Wahesabu viboko vilivyoandikwa humo tangu muhula uanze, kisha watoke nje, wapite darasa kwa darasa, wahesabu fimbo zilizolazwa juu ya madirisha.